Sura ya 6: Ukuta wa Chokaa, Hati ya Miaka 99

Kuna swali ambalo watu wa namna nyingi huliuliza. Huliuliza Mtanzania aliyefanya biashara na Mombasa kwa miaka. Huliuliza kijana wa Muscat ambaye bibi yake alizaliwa Unguja, na mama wa Kizanzibari aliyezeekea London akiwa na pasipoti ya Uingereza. Swali lenyewe ni hili: "Nimeona nyumba ya kale ya mawe, ina mlango wa nakshi na kiwanda, yaani ua wa ndani, kinachoingiza mwanga. Fedha ninazo. Nikiinunua, itakuwa yangu?"

Wengi hutaraji jibu la ndiyo au hapana, na dalali huwapa la ndiyo. Jibu la kweli ni refu zaidi. Anayenunua nyumba ya kale katika nchi ambayo si raia wake hubeba vitu vitatu kwa mkupuo mmoja: haki ya kukaa inayohesabiwa kwa miaka, jengo linalodai huduma kila msimu wa mvua, na nafasi katika mtaa uliokuwapo kabla yake. Bei inayotajwa sokoni haisemi lolote la maana kuhusu vitu hivyo vitatu. Ndiyo maana ninashikilia kwamba bei ndicho kipimo dhaifu kuliko vyote, na kwamba mtu aanze na hati, aende kwenye ukuta, kisha kwa majirani, ndipo azungumze fedha.

Bei ndogo, wajibu mkubwa

Mfano wa Italia unalionyesha jambo hili waziwazi. Mwaka 2019 mji mdogo wa Sambuca, katika kisiwa cha Sicily, ulitangaza kuuza nyumba zake kuukuu kwa bei ya kuanzia euro 1. Habari ikaenea dunia nzima. Walioishia kwenye kichwa cha habari waliona bahati imeshuka. Waliosoma masharti waliona mkataba wa kazi. Mnunuzi alitakiwa kuweka dhamana ya euro 5,000 na kuikarabati nyumba ndani ya miaka 3, kwa gharama ambayo ingeanzia maelfu ya euro na kuendelea kupanda kadiri paa na kuta zilivyooza. Mji ulikuwa unapungukiwa watu, na ulichokuwa unatafuta ni mtu wa kuibeba nyumba. Ile euro moja ilikuwa njia ya kumpata.

Pwani ya Afrika Mashariki hakuna manispaa inayouza nyumba kwa euro moja, lakini mantiki ni ileile. Ukiona nyumba ya ghorofa mbili katikati ya mji wa kale inauzwa kwa bei ya kiwanja kitupu cha nje ya mji, jiulize ni mzigo gani umeshusha bei hiyo. Mara nyingi utaukuta mahali pawili: kwenye karatasi au kwenye paa.

Haki unayouziwa ni ya muda gani?

Tuanze na karatasi. Kuna umiliki wa kudumu, ambao hauna tarehe ya mwisho, na kuna umiliki wa muda, ambao ni haki ya kutumia ardhi kwa miaka iliyoandikwa, mwenye ardhi akibaki kuwa dola au mtu mwingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imefunga mjadala kwa asiye raia: anaweza kupata umiliki wa muda tu, usiozidi miaka 99. Hata akiuziwa nyumba ambayo hati yake ilikuwa ya kudumu, na mkataba ukaandika kwamba ameipata milele, sheria itausoma mkataba huo kuwa wa miaka 99 na si zaidi.

Miaka 99 yaweza kuonekana mingi, umri wa mtu na mjukuu wake. Lakini swali la maana ni miaka mingapi imebaki. Hati ya miaka 99 iliyoanza 1940 inakwisha 2039. Aliyeinunua mwaka 2024 alinunua miaka 15. Na hapo pana tofauti ambayo wageni wengi hawaijui. Ukodishaji wa ardhi ya serikali ukifika mwisho, sheria ya ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 humpa aliyekuwa akiishikilia nafasi ya kwanza ya kupewa tena, iwapo ni raia wa Kenya. Asiye raia hana nafasi hiyo kwa mujibu wa sheria hiyo. Nyumba mbili zinazotazamana, zenye hati zilizoanza mwaka uleule, zinaweza basi kuwa na thamani mbili tofauti kabisa kwa wanunuzi wawili wenye pasipoti tofauti.

Zanzibar ina njia yake. Ardhi si jambo la Muungano, kwa hiyo sheria ya ardhi ya Bara haivuki bahari. Kwa sheria ya umiliki wa ardhi ya mwaka 1992, ardhi ya visiwani ni ya umma, chini ya dhamana ya Rais wa Zanzibar, na mwananchi hupewa haki ya matumizi. Mgeni huingia kwa mlango wa uwekezaji na ukodishaji wa muda, tena kwa masharti ya mradi. Kwa hiyo mtu anapokuambia "nyumba hii ya mtaa wa Shangani ninakuuzia moja kwa moja," muulize kwanza yeye mwenyewe ana haki gani, kwa kuwa hawezi kukupa zaidi ya aliyonayo.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza hutokea, na ni pingamizi lenye uchungu: "Mimi si mgeni. Nyumba ilikuwa ya babu yangu." Kwa moyo na kwa historia, hoja hiyo ni nzito. Kwa sheria, pasipoti ndiyo inayosema. Kenya tangu 2010 inaruhusu aliye raia kwa kuzaliwa kubaki raia hata akichukua uraia mwingine, na aliyeupoteza zamani anaweza kuomba kuurejesha. Mtu huyo asikimbilie kununua kama mgeni kabla ya kurejesha uraia wake. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania walio nje si uraia, nayo isomwe kipengele kwa kipengele, hasa na anayekusudia kununua visiwani. Wengine husema, "Si tuko Jumuiya ya Afrika Mashariki?" Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, iliacha suala la ardhi mikononi mwa sheria za kila nchi. Mkenya anayenunua Unguja, au Mtanzania anayenunua Lamu, ni asiye raia kama Mwitaliano.

Ndipo huja ushauri wa barazani: andika kwa jina la mwenyeji, shemeji au rafiki, halafu mwekeane karatasi pembeni. Ushauri huu ni mbaya, na ubaya wake hauishii kwenye uwezekano wa rafiki kugeuka. Katiba ya Kenya inatamka kwamba mali iliyoshikwa kwa amana itahesabiwa ya raia pale tu ambapo wote wanaonufaika nayo ni raia, na kwamba kampuni ni ya raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Yaani ile karatasi ya pembeni, unayodhani ndiyo kinga yako, ndiyo ushahidi dhidi yako. Na rafiki akifa kesho, warithi wake watakuta nyumba katika jina la marehemu, nao hawatakuwa wametenda kosa lolote kuidai.

Kwa ufupi: jua aina ya haki, hesabu miaka iliyobaki, na nunua kwa jina lako halisi au usinunue.

Je, anayeuza ana haki ya kuuza?

Nyumba za kale za pwani zimepita mikono mingi, na nyingi zimepita kwa mirathi bila kugawanywa. Chukua mfano mwepesi. Mzee amefariki, wazazi wake walishatangulia, ameacha mke, wana wawili na mabinti watatu. Kwa hesabu ya mirathi ya Kiislamu, mke hupata sehemu 1 kati ya 8. Sehemu 7 zinazobaki hugawanywa kwa watoto, mwana akipata mara mbili ya binti: kila binti 1 kati ya 8, kila mwana 2 kati ya 8. Kijana anayekupokea bandarini, anayekaa nyumbani humo na mwenye funguo zote mfukoni, anamiliki robo. Robo tatu iko kwa watu wengine watano, ambao mmoja wao huenda yuko Dubai na mwingine ameshafariki, na sehemu yake imegawanyika tena kwa watoto wake. Sahihi ya kijana huyo peke yake inakuuzia robo ya mlango, robo ya paa na robo ya ngazi. Hakuna wakili mwaminifu atakayeuita huo ununuzi wa nyumba.

Kuna pia wakfu, yaani mali ambayo mwenyewe aliitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, ili faida yake iende msikitini, madrasa au kwa kizazi chake. Mali ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi. Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na Kenya ina tume yake ya wakfu; kuuliza huko ni jambo la lazima kwa nyumba yoyote iliyoshikana na msikiti au iliyopangishwa kwa kodi ndogo kwa vizazi. Unguja pana tabaka jingine la historia. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilifanywa ya umma, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe zikachukuliwa kutoka kwa wenyewe waliokimbia au kuondolewa, zikagawiwa familia kadhaa kadhaa kama wapangaji. Leo nyumba moja yaweza kuwa na mwenye hati, mpangaji wa chini aliyeishi miaka 40, na ukoo ulioko Oman unaoamini kwamba bado ni yake. Sheria inaweza kumtambua mmoja tu kati yao kuwa mwenye nyumba, lakini mnunuzi ataishi na wote watatu.

Kabla ya kulipa hata kishika uchumba, haya yawe mezani:

- Matokeo ya upekuzi rasmi kutoka ofisi ya msajili wa ardhi, yaliyochukuliwa na wakili wako na si na wakili wa muuzaji.
- Hati ya mirathi kutoka mahakamani, pamoja na ridhaa ya kila mrithi, hata aliye ng'ambo.
- Ridhaa ya mke au mume wa muuzaji, ambayo sheria ya Kenya huidai kwa nyumba ya ndoa.
- Majibu ya maandishi kutoka taasisi ya wakfu.
- Maelezo ya sheha, kwa Zanzibar, au ya wazee wa mtaa, kwa Lamu na Mombasa, kuhusu nani anaishi humo na kwa haki gani.

Nchini Kenya wanunuzi wa mjini pia huhesabu ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani, na mgeni aongeze hesabu ya siku ya kuuza: kodi ya faida inayotokana na kuuza mali ilipandishwa huko kutoka asilimia 5 hadi 15 kuanzia Januari 2023.

Ukuta unaopumua

Karatasi zikiwa safi, ndipo uingie ndani, na uingie na fundi mwashi anayeijua chokaa. Fundi hodari wa maghorofa ya saruji hatakufaa hapa. Nyumba ya kale ya Lamu au ya Mji Mkongwe imejengwa kwa mawe ya matumbawe, yakashikizwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe yaleyale tanurini na kuyazima kwa maji. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti hazipatikani kwa urefu wowote utakao, ndiyo sababu vyumba ni virefu na vyembamba, na upana wake mara nyingi haufiki mita tatu. Ukuta wa namna hiyo hunywa unyevu wakati wa masika na kuutoa polepole kiangazi. Watu husema unapumua, na usemi huo uko karibu sana na kinachotokea kweli.

Madhara huanza pale mtu anapoupiga ukuta huo lipu ya saruji ili upendeze. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu. Maji yanayopanda kutoka ardhini hukwama nyuma yake, chumvi iliyo ndani ya matumbawe hujikusanya, na baada ya misimu michache lipu hubanduka vipande vizima kama ganda. Hilo ni la nje. La hatari liko juu, pale kichwa cha boriti kinapoingia ukutani. Unyevu uliofungiwa hukiozesha kichwa hicho huku sehemu inayoonekana chumbani ikibaki nyeusi na ngumu kama jana. Mwombe fundi apande ngazi na bisibisi, aichome boriti sentimita moja kutoka ukutani. Ikigonga, sawa. Ikizama kama kisu kwenye mkate wa kumimina, au ikitoka na unga wa kahawia wa mchwa, basi dari hiyo inashikiliwa na mazoea tu. Hesabu boriti zote za chumba, si moja, na uandike ngapi zimeoza. Idadi hiyo ina maana kuliko rangi ya kuta na uzuri wa mlango.

Atakayesema haya ni kutia watu hofu na atazame Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la Mji Mkongwe. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883. Ilibaki imesimama baada ya mizinga ya Waingereza ya mwaka 1896, iliyoliharibu vibaya jumba la jirani. Mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na jumba hilo likiwa uso wa mji. Hata hivyo uchakavu ulilifunga kwa miaka, na tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, sehemu kubwa ikaporomoka na watu wakapoteza maisha. Jengo hilo lilikuwa na serikali, wataalamu na macho ya dunia. Nyumba ya mtu binafsi iliyofungwa miezi kumi na moja kwa mwaka, bati moja likiwa limeinuka na upepo wa kusi, haina hata kimoja kati ya hivyo.

Gharama nyingine hujificha njiani. Mji wa kale wa Lamu haupitiwi na magari. Mchanga, chokaa na mbao hupanda punda au mabega ya wachukuzi kutoka ufukoni. Bei ya mfuko wa saruji au wa chokaa uliyoisikia Mombasa si bei yake mlangoni pako.

Mpango wa nyumba una sababu zake

Lamu iliingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe. Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba huwezi kutoboa dirisha, kuongeza ghorofa au kubadili paa kwa matakwa yako. Unguja utapita kwa mamlaka ya uhifadhi wa Mji Mkongwe. Kenya, kwa Makumbusho ya Taifa na serikali ya kaunti. Wapo wanaolalamika kwamba huku ni kumnyima mtu uhuru juu ya mali yake. Ninaielewa kero hiyo, hasa kwa familia maskini zinazodaiwa chokaa ghali wakati bati na saruji viko dukani. Lakini kwa mnunuzi wa kutoka nje hoja hiyo haina nguvu: alichokipenda hadi akavuka bahari ni matunda ya nyumba mia nyingine ambazo zimezuiwa zisibadilishwe.

Mpango wenyewe una sababu. Nyumba ya Kiamu humpeleka mtu kutoka daka la mlangoni hadi kiwandani, kisha misanani, vile vyumba virefu vinavyotazama kiwanda, kisha ndani, kila hatua faragha ikizidi, hadi nyumba kati, chumba kilichotumika kwa uzazi na kwa kuoshea maiti. Anayevunja ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ili apate sebule pana huwa ameondoa pia mbebaji wa boriti za juu, kwa kuwa kuta hizo zilikaribishwa ili zilingane na urefu wa boriti. Na ukikuta wikio, kile chumba kilichopita juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili, uliza ni cha nani. Huenda umenunua sakafu yake na jirani ana paa.

"Wageni watalilipa deni"

Pingamizi linalotolewa kwa kujiamini zaidi ni hili: nyumba itapangishwa kwa watalii, itajilipa yenyewe. Inawezekana, na zipo zinazofanya hivyo. Lakini Lamu imeonyesha jinsi mapato hayo yalivyo mepesi. Mwaka 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda. Juni 2014 yakaja mashambulizi ya Mpeketoni, yakafuatwa na amri ya kutotoka nje usiku. Mwaka 2020 korona ikafunga anga. Kila mara vitanda vilikaa vitupu, na kila mara mvua ilinyesha kama kawaida. Hata mwaka wa amani una masika, ambapo watalii hupungua na paa huvuja kuliko wakati wowote. Kama huwezi kuihudumia nyumba kwa miaka miwili mfululizo bila shilingi ya mgeni hata moja, basi huna uwezo wa kuinunua, hata kama bei yote unayo mkononi.

Lililo zito zaidi ni la wenyeji. Inasemwa kwamba wanunuzi wa nje wamepandisha bei hadi mtoto wa mtaa hawezi kununua nyumba alikozaliwa. Ni kweli kwamba bei hupanda pale fedha za nje zinapoingia, na kijiji cha Shela huko Lamu na Mji Mkongwe vyote vimeyaona hayo. Ni kweli vilevile kwamba kuta nyingi zimesimama leo kwa sababu mtu wa mbali alilipa mafundi wa hapo. Kweli hizi mbili hazifutani, na siamini kwamba mnunuzi anaweza kujificha nyuma ya moja. Kinachotofautisha mmoja na mwingine ni matumizi. Nyumba iliyo tupu, ambayo warithi wote wameafiki kuiuza, ikanunuliwa na mtu anayekaa humo, anayewalipa waashi na maseremala wa mtaa, na baraza yake ya nje ikaachwa ikaliwe na wazee jioni, imeongeza kitu. Nyumba iliyopatikana kwa kumwondoa mpangaji wa miaka 40, ikafungwa kwa kufuli hadi Desemba, imeondoa kitu, hata ikipigwa chokaa nyeupe kila mwaka. Anayekusudia kukaa wiki tatu kwa mwaka apange. Kodi yake itaingia kwa mwenye nyumba, na nyumba itabaki na watu.

Na kwa aliyesoma mpaka hapa akiwa bado anaitaka nyumba ile: rudi uitazame Aprili au Mei, mvua ikiwa imeshika. Nenda usiku na tochi, panda hadi chumba cha juu kabisa, weka kiganja kwenye ukuta chini ya paa, kisha usikilize maji yanakwenda wapi. Muuzaji akikuambia hawezi kukusubiri hadi masika yaishe, mwache auze kwa mwingine.